UZI: Kuifunga bahari ni rahisi, kuifungua ndiyo kazi. Manowari, droni na mzigo wetu wa Kilindini

WakalaKibokoni (mwenye uzi)

Wakuu, asalaam aleikum, na kwa wasiokuwa wa salamu hiyo, habari za usiku.

Leo sina siasa za kaunti. Nimekuja na manowari. Mimi si mwanajeshi, ni wakala wa kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kazi yangu kubwa ni kungoja meli, na mtu akingoja meli miaka yote hiyo mwisho hutaka kujua kwa nini haiji.

Mwishoni mwa 2023 nilikuwa na kontena la mteja wangu wa Kongowea, mashine za kuoka mikate kutoka Uturuki. Makaratasi tayari, ushuru umekadiriwa, lori nimeshaliongelea. Meli ilikuwa ishuke Suez, ipite Bahari ya Shamu, itokee mlango wake wa kusini wa Bab el Mandeb, iteremke kwetu. Asubuhi moja nafungua simu kutazama imefika wapi, naona kale kamshale kake kanaelekea magharibi, Gibraltar. Nikadhani programu imeharibika. Kumbe meli imegeuzwa: itoke Mediterania, izunguke Afrika nzima, ipite Rasi ya Tumaini Jema, ndipo ipande kuja Mombasa. Mteja akawa ananipigia kila baada ya alfajiri. "Mashine zangu ziko wapi?" Siku moja nikamwambia ziko Senegali. Akakata simu.

Tangu hapo nasoma mambo ya majeshi ya majini kama wenzangu wanavyosoma ligi ya Uingereza. Nimefika mahali nina hoja, na nataka mnipige nayo mawe.

KijanaWaLikoni

Nimeshakaa siti ya mbele, kahawa chungu mkononi na kashata. Tiririka ami.

MsafiriWaTanga

Mkuu usituache njiani kama zile nyuzi zako za magari ya Uingereza. Endelea.

WakalaKibokoni (mwenye uzi)

Haya.

Tarehe 19 Novemba 2023 Wahouthi, wale waasi wa Yemeni, waliteremka kwa helikopta juu ya Galaxy Leader, meli ya kubebea magari, wakaiteka. Baadaye yakaja makombora na droni. Rubymar, meli ya mizigo, ilipigwa Februari 2024 na kuzama tarehe 2 Machi. Makampuni makubwa ya meli yakasema basi, tunazunguka. Bima ya hatari ya vita, iliyokuwa sehemu ndogo mno ya asilimia 1 ya thamani ya meli kwa safari moja, ikakaribia asilimia 1 nzima. Chukua meli ya dola milioni 80, piga hesabu mwenyewe. Misri iliyoingiza dola bilioni 10 na ushei kutoka Mfereji wa Suez mwaka 2023 ikaambulia karibu bilioni 4 mwaka 2024.

Marekani na wenzake wakaleta manowari Desemba 2023, Ulaya nao wakaleta zao Februari 2024. Wakatungua droni na makombora kwa miezi. Manowari ya Marekani haikupigwa hata moja. Yaani ukihesabu kwa mapigano, walishinda kila siku. Na mzigo wangu ukaendelea kuzunguka Afrika.

Hapo ndipo paliponikaa rohoni. Nilizoea kudhani mwenye manowari kubwa ndiye mwenye bahari. Sasa naona ni mambo mawili tofauti. Kumnyima mwenzio njia kunataka pwani, lori la kombora na kijana anayejua kuendesha droni. Kuihakikisha njia mpaka karani wa bima kule London atie saini ni jambo jingine, na gharama yake yazidi kupanda. Manowari yaweza kutungua kombora tisini na tisa. Karani anauliza habari ya la mia.

Tazama hesabu yenyewe. Kombora moja la SM-2 la kutungulia ni kama dola milioni 2. Droni inayotunguliwa bei yake ni ya matatu ya mkononi. Halafu manowari aina ya Arleigh Burke ina mashimo tisini na ushei ya kurushia makombora, na yakishakwisha hayajazwi baharini, yabidi iondoke iende bandarini. Wamarekani wameanza kujaribu kuyajaza meli ikiwa katikati ya maji, walifanya jaribio nje ya San Diego Oktoba 2024, lakini bado ni majaribio. Wafaransa wao walionyesha akili ya mfukoni: Machi 2024 helikopta ya manowari yao iliisogelea droni ubavuni na mpiga risasi akaiangusha kwa bunduki ya mlangoni. Risasi chache, kazi imekwisha.

Uchovu nao ni silaha. Desemba 2024 manowari ya Marekani, Gettysburg, ilitungua ndege ya Marekani yenyewe. Marubani waliruka salama. Watu wamekaa miezi wakitazama rada, kila kinachoruka ni adui.

FundiFaiba

Mimi hizo za helikopta sijui, lakini zile boti za kivita za Ukraine zisizo na mtu nimezitazama sana video zake kwa sababu ndiyo kazi yangu. Ile Magura V5 ina urefu wa mita 5 na nusu. Huo ni urefu wa boti ninazoziunda hapa Old Town kwa wavuvi! Ukinipa kalibu, rezini na mkeka wa faiba, ganda lake nakutolea kwa wiki mbili. Ganda nasema, si akili iliyomo ndani.

Watu hawaelewi kwa nini haionekani. Boti ya mita tano ikishiba mafuta, ukingo wake wabaki shibri mbili tatu juu ya maji. Toka nje ya mwamba wakati wa kusi, mawimbi ya mita mbili, uniambie utaiona saa ngapi. Utaisikia injini kabla hujaiona, na wakati huo iko ubavuni kwako. Rada yenyewe inaona mawimbi matupu, na boti ni kama wimbi jingine. Sisi hugongana wenyewe kwa wenyewe na taa tumewasha.

KijanaWaLikoni

Fundi, punguza. Kesho wanakuja kukutembelea 😂

WakalaKibokoni (mwenye uzi)

Fundi umenirahisishia kazi, maana nilikuwa nafika huko huko.

Urusi ilianza vita vya 2022 ikiwa na kikosi kizima cha Bahari Nyeusi, na Ukraine meli zake za kivita zilikuwa karibu zimekwisha. Usiku wa tarehe 13 Aprili 2022 Moskva, manowari kuu ya kikosi, ikapigwa na makombora ya Neptune yaliyorushwa kutoka nchi kavu. Kesho yake ikazama. Oktoba 29 mwaka huohuo boti zisizo na mtu zikaingia mpaka Sevastopol. Usiku wa kuamkia Februari 1, 2024 Waukraine wakaizamisha meli ya kivita Ivanovets, Februari 14 Tsezar Kunikov, Machi 5 Sergei Kotov. Meli nyingi za Urusi zikahamishiwa Novorossiysk, upande wa mashariki.

Sasa nenda Fort Jesus ukasimame juu ya ukuta utazame mlango wa bandari ya zamani. Wareno waliijenga 1593 hadi 1596 kwa hesabu hiyohiyo: mizinga iliyokaa juu ya mwamba haizami, meli yazama. Lori la Neptune ni Fort Jesus iliyotiwa magurudumu, inapiga maili mia na zaidi badala ya upana wa mlango wa bandari, na ukiifuata ulipoiona jana huikuti.

BiNyali

Samahani ndugu mwenye uzi, hapo umeenda mbio. Mambo mawili.

La kwanza, Uturuki iliifunga milango ya Bosporus na Dardanelles kwa meli za kivita tangu mwisho wa Februari 2022, kwa Mkataba wa Montreux wa 1936. Urusi ilishindwa kuleta manowari za kuziba pengo kutoka bahari nyingine. Kila iliyozama haikupata mbadala. Sifa zote umewapa mafundi wa boti, kumbe kipande kikubwa ni karatasi ya miaka themanini na ushei.

La pili, hoja yako yenyewe. Unasema kufungua ni ghali. Mbona Ukraine walifungua bila manowari? Urusi ilijitoa kwenye mkataba wa kuruhusu nafaka ya Ukraine ipite baharini Julai 2023, na kuanzia Agosti meli zikapita tena. Huyo mteja wako wa mikate anaoka ngano ya wapi?

WakalaKibokoni (mwenye uzi)

Bi Nyali, la Montreux nakubali, nililiruka na sikupaswa.

La pili linanipa jasho. Lakini tazama meli zile zilipita wapi. Zilijibana na pwani, Odesa, kisha maji ya Romania, Bulgaria, mpaka Bosporus. Huo ni ujia tu, na kila sehemu yake ama iko chini ya makombora ya Ukraine yaliyoko nchi kavu, ama ni maji ya nchi za NATO ambazo Urusi haitaki kuzigusa. Palipofika mkono wa ngome, njia ilifunguka. Katikati ya bahari hakuna aliyefungua kitu. Na hata ujia huo, serikali ilibidi ikae na watu wa bima kwanza.

Ngano ya mteja wangu sijamuuliza, lakini Kenya hununua ngano nyingi Urusi na Ukraine kwa pamoja, na inashukia hapahapa. Kwa hiyo ngano yake inapita bahari moja yenye vita, na mashine zake zinapita bahari nyingine yenye vita. Maskini.

MstaafuMtongwe

Nimekuwa nikiwasoma kimya. Mimi nimetumikia Jeshi la Majini hapo Mtongwe mpaka nywele zikawa nyeupe, na nasema hivi: vijana mwapenda sana kuzika meli. Meli imezikwa mara nyingi.

Wafaransa miaka ya 1880 walisema boti ndogo za topido zimemaliza manowari kubwa, za nini pesa za chuma chote kile. Kukaundwa meli ya kuwinda boti za topido, ikaitwa mwangamizi, na manowari kubwa ikaishi miaka sitini mingine. Oktoba 21, 1967 boti mbili za Misri zikiwa ndani ya bandari ya Port Said zilirusha makombora zikaizamisha Eilat, manowari ya Israeli. Dunia nzima ikasema basi. Miaka sita baadaye, Oktoba 1973 pale Latakia, Waisraeli wakaja na boti zao za makombora na vifaa vya kuyachanganya ya adui, wakazamisha za Syria na hawakupoteza hata moja. Kombora lilelile lililotisha dunia likawa larushwa latua majini.

Sisi wenyewe Nyayo na Umoja zilikuja kutoka Uingereza miaka ya themanini zikiwa na makombora ya Otomat. Twalitembea vifua mbele. Lakini kazi halisi tuliyoifanya baharini ilikuwa nini? Doria. Kuokoa wavuvi. Kufukuza majangili wa samaki. Na 2012, Septemba 28, kuwashusha askari ufukweni Kismayu usiku. Droni haimshushi askari. Droni haimpi maji mvuvi aliyepotea siku nane. Usiache mbachao kwa msala upitao.

FundiFaiba

Mzee, hatujasema tuiache. Tumesema isikae palepale mchana kutwa kama feri.

MsafiriWaTanga

Mstaafu heshima yako mkuu. Sasa niulize la wakubwa. Mchina ana makombora ya kuzamisha manowari za kubebea ndege, kila siku tunasoma. Kama hoja ya mwenye uzi ni kweli, kwa nini yeye naye anajenga za kubebea ndege? Anajenga kitu anachosema kimepitwa?

WakalaKibokoni (mwenye uzi)

Msafiri, hili swali ndilo uzi wenyewe. Ngoja nikae vizuri.

Machi 1996 China ilikuwa inarusha makombora karibu na Taiwan kuwatisha wapiga kura. Marekani ikatuma manowari mbili za kubebea ndege, Independence na Nimitz, na misafara yake. China haikuwa na cha kuzifanya. Aibu ile hawakuisahau. Miaka iliyofuata wakaunda kile nilichokiita ngome: makombora ya DF-21D, halafu DF-26, yanayorushwa kutoka kwenye malori ndani kabisa ya nchi kulenga meli ziendazo. Nyambizi, setilaiti za kuona, ndege. Lengo lilikuwa kumfanya Mmarekani afikirie mara tatu kabla ya kusogea. Hiyo ni kunyima njia, na kwa nchi yenye pwani yake hapo hapo ni pesa iliyotumika vizuri.

Mmarekani akajibu kwa kubadili tabia. Badala ya kukusanya nguvu zote kwenye meli moja ya dola bilioni 13, anataka meli zake zitawanyike, kila moja na makombora yake, zipige mahali pamoja bila kukaa mahali pamoja. Askari wake wa ufukweni wameviacha vifaru vyote na kuchukua makombora ya kuzamishia meli yanayobebwa na vigari visivyo na dereva, wakae visiwani. Umeona? Mmarekani mwenyewe sasa anajifunza kuwa mtu wa lori. Lakini bado ana za kubebea ndege kama 11 na anazidi kujenga nyingine.

Sasa Mchina. Akishawazuia wengine wasije kwake, mafuta yake yatoka wapi? Ghuba. Yapita Hormuz, Bahari ya Hindi, Malaka. Kombora la DF-26 halisindikizi meli ya mafuta. Ndiyo maana tangu Desemba 2008 manowari zake zinapokezana Ghuba ya Aden bila kukosa, 2017 akafungua kituo Djibouti, na Novemba 2025 Fujian ikaingia jeshini, ya tatu baada ya Liaoning na Shandong, yenye mitambo ya umeme ya kurushia ndege. Kwa idadi ya meli za kivita ndiye mkubwa kuliko wote duniani sasa. Hajasema za kubebea ndege zimepitwa. Amesema zimepitwa *karibu na pwani yake*.

Mhindi naye haketi. Manowari ya kubebea ndege Vikrant mwaka 2022, uwanja wa ndege na gati pale kisiwa cha Agalega cha Mauritius 2024. Hiyo Agalega si mbali na sisi kwa macho ya ndege ya doria.

Kwa hiyo kila mkubwa anavaa kofia mbili. Kwake nyumbani ni mtu wa ngome, ugenini ni mtu wa msafara. Na akiwa ugenini anakutana na ngome ya mwingine.

BiNyali

Hapa umeniweza. Ongeza na hili: katika Djibouti hiyohiyo wako Wamarekani, Wafaransa, Wajapani, Wataliano na Wachina, majirani. Naamini wanakutana dukani.

KijanaWaLikoni

Nina swali la kishamba. Sisi Mombasa tumewahi kuwa kwenye mambo haya kweli, au ni Fort Jesus tu na Vasco da Gama?

MstaafuMtongwe

Si swali la kishamba, mwanangu. Kaa uelezwe.

Aprili 1942 Wajapani waliingia Bahari ya Hindi na manowari tano za kubebea ndege. Waingereza walikuwa na kikosi chao Ceylon chini ya Admirali Somerville, na ndani yake manowari nne kuukuu za mizinga mikubwa, za enzi ya vita vya kwanza. Kwenye karatasi zilikuwa na chuma kingi. Tarehe 5 Aprili ndege za Wajapani zikazamisha meli mbili kubwa, Dorsetshire na Cornwall. Tarehe 9 zikaizamisha Hermes, ya kubebea ndege. Somerville akaona: nikikaa nitamaliza meli zote kwa wiki moja. Zile kuukuu akazileta wapi? Kilindini.

Hapa, mwanangu. Mkondo huu unaouvuka na feri ukienda mjini, ndio uliokuwa mafichoni mwa Waingereza. Wazee wetu wakisimulia jinsi Kilindini ilivyojaa chuma cha kijivu mpaka wavuvi wakatafuta njia ya kupita. Watu husema alikimbia. Mimi nasema alielewa mapema kwamba mizinga haina kazi palipo na ndege. Na meli ikiwa hai, adui yalazimika aihesabu. Ingalizama asingekuwa na haja.

Na pamoja na meli walikuja watu wa siri, wavunja fumbo za redio za Wajapani. Walipewa shule ya Allidina Visram. Mmepita hapo mara ngapi? Wakikaa na vipokezi vyao wakisikiliza meli za Kijapani. Mwaka huohuo wa 1942 wakaivunja fumbo ya meli za mizigo za Wajapani, na sababu moja ni kwamba karani mmoja wa redio alirudia ujumbe uleule mara mbili. Kosa la mtu mmoja. Kuanzia hapo wakawa wajua meli gani imebeba nini na yaenda wapi. Leo mwasema setilaiti. Nasi twalikuwa nayo, ilikuwa darasani.

Lakini nisikupe la utamu tu. Februari 1944 msafara wa meli za askari ulitoka hapa kwenda Colombo. Khedive Ismail ilikuwamo. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga. Ilizama chini ya dakika mbili. Walikufa watu 1,297, mamia yao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, na wauguzi wanawake. Manowari mbili za kusindikiza ziliiwinda nyambizi hiyo mpaka zikaizamisha, baada ya saa kadhaa. Waliosindikiza walifanya kazi yao na bado watu 1,297 wamelala chini. Kwa hiyo Wakala aliposema karani wa bima anauliza habari ya kombora la mia, nilimuelewa.

KijanaWaLikoni

Mzee, Allidina Visram ndugu yangu amesoma pale na hajui hata hili. Shukrani.

MsafiriWaTanga

Uzi umepanda cheo. Wakuu, mbona maharamia wa Somalia waliwezekana, Wahouthi hawawezekani?

WakalaKibokoni (mwenye uzi)

Maharamia nawakumbuka kwa mkono. Septemba 2008 waliteka Faina, meli iliyokuwa inakuja hapahapa Mombasa na vifaru 33 aina ya T-72. Ilifika Februari 2009. Mjini watu walikuwa wakibishana vifaru ni vya nani, vyetu au vya Sudan Kusini.

Walishindwa kwa mpangilio kuliko kwa mizinga. Manowari za nchi zisizopendana zilikubaliana ujia mmoja Ghuba ya Aden, meli zipite kwa makundi, zitoe taarifa, zifunge seng'enge ubavuni, zibebe walinzi wenye bunduki. Na waliokamatwa baadhi wakaletwa kushtakiwa Shimo la Tewa. Bunduki kwenye meli ya mizigo yamtosha mtu mwenye ngazi na AK. Haimtoshi mwenye kombora. Wahouthi hawahitaji kukusogelea.

Misafara nayo si kitu kipya. Aprili 1917 nyambizi za Wajerumani zilizamisha zaidi ya tani 800,000 za meli kwa mwezi mmoja, na wakubwa wa jeshi la majini la Uingereza walikuwa wanapinga misafara, ati inakusanya meli zipigwe pamoja. Walipokubali, hasara ikashuka. Hawakununua silaha mpya. Walibadili desturi, na iliwauma kuliko kununua.

BiNyali

Niongeze moja la kazini kwangu, maana nashughulika na intaneti. Rubymar ilipopigwa iliachwa ikielea na nanga imeburuta chini. Mkongo wa Seacom, waya wa intaneti wa chini ya bahari unaoshukia hapa Mombasa, ni kati ya ile iliyokatika Bahari ya Shamu mwezi huohuo, na nanga hiyo ndiyo iliyoelekezewa kidole. Hakuna aliyelenga mkongo! Sisi tukashinda tunahamisha mawasiliano kwenye njia nyingine usiku kucha, na wateja wanatutukana. Halafu meli ya kukarabati nayo haiingii kwenye maji yenye makombora bila ruhusa na bima. Nyinyi mnahesabu manowari, mimi nahesabu mikongo.

FundiFaiba

Basi tuambieni Kenya inunue nini. Maana mwisho wa nyuzi hizi ni bajeti.

MstaafuMtongwe

Mkiniuliza mimi, kabla ya kombora lolote, macho na mfagio.

Macho ni rada za pwani, ndege ndogo za doria zisizo na rubani, na mtu anayekesha akizitazama. Maji yetu yaenda maili 200 nje, na usiyemwona humzuii.

Mfagio ni wa kusafisha mabomu ya majini. Hili halisemwi kwa sababu halina picha nzuri. Aprili 14, 1988 manowari ya Marekani Samuel B. Roberts iligonga bomu la Wairani kwenye Ghuba. Bomu la kama dola 1,500, muundo wa zamani kabisa. Matengenezo yalikaribia dola milioni 96. Sasa utazame mlango wetu. Pale Likoni upana ni kama nusu kilomita, na meli zote za Kilindini lazima zifuate mkondo uleule. Mtu hahitaji kutega mabomu mia. Atege mawili, au atege moja na aseme ametega kumi. Nani ataingia? Uganda, Rwanda, Sudan Kusini, wote wangoja hapo nje pamoja na Wakala na kontena lake.

WakalaKibokoni (mwenye uzi)

Mzee, hilo la kutega moja na kusema kumi litaninyima usingizi.

Mimi ningeongeza boti za Fundi, kwa masharti kwamba zitengenezwe hapa. Si kwa kushambulia, kwa kuangalia. Zikae nje ya mwamba na kamera, ikipotea moja hatujapoteza mtu. Walinzi wa Pwani wako tangu 2018 hapo Liwatoni, wapewe.

Na kabla sijalala: mteja wangu wa mikate amenipigia jioni hii. Mashine zake zilifika zamani, zinafanya kazi, anataka nyingine. Amesema Uturuki hataki tena kuisikia, ameagiza China, njia haipiti Bahari ya Shamu, inapita Malaka.

MsafiriWaTanga

Na Malaka nako nani mwenye lori?

WakalaKibokoni (mwenye uzi)

Sijamwambia. Ameshalipa.